Chumba cha Juu Nyumbani kwa Sitti

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza kwa kupewa jina jipya. Nilikuwa nimesimama jikoni, katika nyumba moja ya mtaa wa Sulimaniyah mjini Riyadh, bado nimevaa sweta nililosafiria kutoka Nairobi, na Madam alikuwa akiitazama pasipoti yangu kama mtu anayesoma bei asiyoitarajia.

"Kristina," alisoma, kisha akatikisa kichwa. "Kristina, mafi, hakuna. Wageni wangu wakija nitakuitaje? Hapa utaitwa Karima. Na mambo ya dini yako umeyaacha uwanja wa ndege, sawa?"

Kiarabu nilichofundishwa na wakala kabla ya kuondoka kilikuwa cha kukubali tu. Nikasema, "Hadhir, Madam." Akaridhika, akanipa aproni, akanionyesha chumba cha kupigia pasi. Hivyo ndivyo mimi, Kristina Wakesho, Mtaita wa Wundanyi na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, nilivyoanza kazi ya nyumbani ugenini. Niliifanya hadi magoti yalipogoma.

Nyinyi vijana mnaojiandaa kwenda huko mara nyingi mnaniuliza kama kazi ni ngumu. Kazi ni ya kujifunza kama kazi yoyote. Kwa Madam nilijifunza kupiga pasi thobu, yaani kanzu yao nyeupe, hadi ikasimama wima kama ubao. Nilijifunza ghutra, kile kitambaa cha kichwani cha wanaume, ambacho kina mkunjo mmoja wa mbele unaokaa katikati ya paji la uso. Mkunjo huo wanauita mirzamu, na ukienda upande hata kidogo, Baba, ndivyo tulivyomwita mume wa Madam, anarudi mlangoni na kukuita. Nilijifunza kufukiza nguo kwa bukhuri bila kuziunguza, na kupika gahwa, kahawa yao nyepesi yenye iliki, na kuimimina kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika finjani. Madam alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya. Alinipa chumba chenye dirisha na chakula cha kutosha, na hakuwahi kuniinulia mkono. Ila neno lake la siku ya kwanza lilikuwa neno kweli. Siku aliponisikia nikiimba wimbo wa kanisani juu ya pasi, alisimama mlangoni akasema, "Karima, hiyo halas." Nikanyamaza. Kuanzia hapo nikawa naimba kichwani, mdomo umefungwa, mvuke wa pasi ukinipanda usoni.

Wengine walikuwa na hali ngumu kuliko yangu. Msichana mmoja wa jengo la jirani alitupiwa rozari yake katika pipa la taka mbele ya macho yake. Ilibidi aendelee kuosha vyombo kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliponisimulia hakulia. Aliniambia tu kwamba alikuwa amepewa na nyanya yake.

Nilipopata ruhusa ya kutoka Ijumaa, nilikwenda Batha, soko kuu la kale ambako kila mgeni wa Riyadh hufika, akitafuta unga wa ugali, simu ya mtumba au mtu wa kwao. Huko ndiko nilikomkuta Nekesa, mwanamke wa Bungoma aliyefanya kazi za ndani upande mwingine wa mji. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa akibishana na muuza sufuria kwa Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, na sauti yake ilifika hadi kituo cha mabasi.

"Wewe ni Mkenya," aliniambia hata kabla hatujasalimiana. "Na ni Mkristo. Naona vile unaangalia hizo nguo nyeupe kama za kwaya. Twende."

Alinipeleka kwa Sista Agneta, muuguzi wa Kisii aliyekuwa amepangishiwa nyumba na mwajiri wake. Kila Ijumaa alasiri, akina mama wachache walikusanyika sebuleni kwake kusali. Nchi nzima haina kanisa hata moja, hilo lieleweke. Serikali ilikuwa imesema kwamba mtu akisali ndani ya nyumba hasumbuliwi, lakini sisi hatukujua mwenye jengo anasemaje, wala mlinzi, wala mama wa ghorofa ya juu. Kwa hiyo tulifika mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wa soko mkononi, tukaimba kwa kunong'ona.

Hebu wazia kwaya ya kunong'ona. Sisi tuliiweza, isipokuwa Nekesa. Agneta alimpa mto aimbie ndani yake.

"Aki mimi siwezi," Nekesa alilalamika akiutoa mto usoni. "Siwezi kumsifu Mungu kama mtu anaumwa na meno!"

Tulicheka hadi ikabidi na kicheko chenyewe tukizibe kwa mito. Nawaambia kweli, nimewahi kuimba mbele ya askofu, lakini sijawahi kufurahia ibada kama zile za sebuleni kwa Agneta, tumekaa juu ya zulia, mapazia yamefungwa, harufu ya chapati ikitoka jikoni.

Kisha mama mzazi wa Madam akaanguka bafuni kwake, mjini Jeddah, akavunjika nyonga.

Madam aliniita sebuleni, jambo lisilo la kawaida, akaniambia nikae. "Mama yangu amefukuza wahudumu wote tuliomletea," alisema. "Mmoja alimkemea, mwingine alimlisha kama mtoto. Wewe una subira. Nitakuhamishia kafala iwe kwa mama, na ikama yako itabadilishwa huko huko. Utakubali?"

Kafala ndiyo mamlaka ya mwajiri juu yako, na mwenye mamlaka hayo ndiye kafili. Ikama ni kibali cha kuishi. Madam angeweza kunihamisha bila kuniuliza. Aliniuliza, na hilo nimelihifadhi moyoni. Nikakubali. Ijumaa iliyofuata Agneta na wenzangu waliniombea, na Nekesa akaniahidi kwamba mkataba wake ukiisha atatafuta kazi Jeddah. "Huku Riyadh nimeimbia mto hadi umechoka," alisema.

Nyumba ya Jeddah ilikuwa mtaa wa Al-Nuzha, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili yenye paa tambarare na chumba kimoja juu, kilichokuwa cha kuwekea majamvi na makabati mabovu. Mama mwenyewe kila mtu alimwita Sitti, maana yake bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, kusikia kwake kumebaki robo, macho makali kama ya kuku. Aliniangalia juu hadi chini.

"Jina?"

"Karima, Sitti."

"Hilo ni jina la binti yangu alilokupa. Nimeuliza la mama yako."

Nilimtajia kwa sauti kubwa ili asikie. "Kristina."

"Kristina," alirudia, akiling'ata vizuri kila kipande. "Basi, Kristina, nipe maji."

Sikumbuki kama niliwahi kumpa mtu maji kwa furaha kama ile.

Kumtunza mzee aliyevunjika nyonga ni kazi yenye elimu yake. Unamgeuza mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulalia, na unatazama visigino na mgongo kila unapomwogesha. Ukimwinua, unapiga magoti wewe, humvuti yeye mikono. Unamfunga mkanda mpana kiunoni, ukaushika huo. Lakini somo lililonitia wasiwasi lilikuwa la sala. Sitti alisali sala zote tano, na kabla ya kila sala ilimpasa kutawadha, na mkono wa kumsaidia ulikuwa wangu, mkono wa Mkristo.

Binti mmoja wa ukoo aliyekuja kumjulia hali alimwuliza kama hilo ni sawa. Sitti akamjibu kitandani pale pale, "Nimevunjika nyonga, sijavunjika akili. Yeye anashika birika, mimi natawadha. Unataka kulishika wewe kila alfajiri?" Binti yule akasema ana watoto wa shule.

Aliyenifundisha utaratibu wenyewe alikuwa jirani yetu, Bi Zuhura. Wazazi wake walihama Unguja baada ya Mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na ingawa hakuikumbuka Unguja, Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Aliingia siku moja na bakuli la mchuzi, akanikuta nimeduwaa na birika.

"Mwanangu weye, mbona umesimama kama nguzo? Njoo nikwoneshe. Mikono kwanza, kisha kinywa, kisha pua. Usimmiminie kwa pupa, maji si ya kumwagia bustani. Kichwa anapaka mwenyewe. Miguu mshikie, maana hafiki."

Daktari alipokataza maji kwa muda kwa sababu ya bandeji, Bi Zuhura alinionyesha tayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi badala ya maji. Nilimwekea Sitti sinia la mchanga mkavu kando ya kitanda. Nilijifunza kumgeuzia kiti kikabili Makka, na Ramadhani nilijifunza kupika shurba ya ngano na sambusa za nyama, nami nikawa sili mchana mbele ya watu. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa raha kungoja adhana ya magharibi pamoja na nyumba nzima, kila mtu na tende yake mkononi.

Jeddah nako nilipata wenzangu wa Ijumaa. Tulisali katika chumba cha mama mmoja Mganda aliyeshona nguo, hadi mwenye nyumba alipokitaka chumba chake kwa ajili ya mwanawe aliyeoa. Tukabaki hatuna pahali. Wakati huo Nekesa alikuwa ameshahamia Jeddah kama alivyoahidi, na Ijumaa hiyo tulikaa kwenye benchi la bustani tukila njugu, hatusali, hatuimbi, tunatazamana tu.

Sitti aliniona niliporudi. "Kristina, umefiwa?"

"Hapana, Sitti."

"Basi umefanya nini na uso wako?"

Nikamweleza. Nilipiga kelele neno kwa neno ili asikie, hadi nikaona haya, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole juu, kuelekea darini.

"Kile chumba kina nini?"

"Makabati mabovu, Sitti."

"Yatoe."

Nilidhani sijamwelewa. Akarudia, safari hii kwa hasira kidogo. "Yatoe, ufagie. Mimi ninasali mara tano kila siku na wewe ndiye unayenishika nisianguke. Wewe unataka kusali mara moja kwa wiki, na nyumba yangu ina chumba cha panya. Yalla!"

Tulikifagia, mimi na Nekesa, tukiimba kwa kunong'ona kwa mazoea. Tukatandika zulia kuukuu. Ijumaa ya kwanza tulikuwa wanawake wa kujaza duara moja. Sitti, aliyekuwa ameanza kutembea kwa kile chuma cha miguu minne, alisimama chini ya ngazi, mkono sikioni. Tulipomaliza alinilalamikia.

"Midomo mmeifungua lakini sauti sikuisikia. Mnamwimbia nani, mchwa?"

Nekesa alinitazama kama mtu aliyefunguliwa minyororo. "Umesikia? Ni mwenye nyumba amesema."

Mambo yalikwenda vizuri hadi alipokuja Baba Khalid. Yeye ndiye mwana mkubwa wa Sitti, kaka yake Madam, mtu wa cheo katika kampuni ya bima huko Riyadh, na baada ya baba yao kufa nyumba ilikuwa chini yake. Alikuwa mpole, mwenye kusema taratibu, na ndiyo maana maneno yake yaliniogopesha zaidi. Alisikia habari za chumba kutoka kwa ndugu zake. Aliniita mbele ya mama yake, nikasimama karibu na mlango, mikono nimeifumbata chini ya aproni.

"Mama," alianza, "watu watasema nyumba ya marehemu baba imegeuzwa kanisa."

"Marehemu baba yako alifanya biashara na Wahabeshi ujana wake wote," alisema Sitti. "Walilala katika nyumba hii na kusali wanavyosali kwao, naye akala nao sahani moja."

"Zamani hizo, Mama."

"Mungu amebadilika tangu zamani hizo?"

Baba Khalid alinigeukia mimi, na kusema kweli alinitazama kwa wema. "Kristina, mama yangu anakupenda. Sisi wote tunaona unavyomtunza. Silimu. Nitakupeleka Makka mimi mwenyewe na mke wangu. Utakuwa dada yetu, na hakuna atakayesema neno tena. Ukishindwa, sijui nitafanyaje. Pengine itabidi urudi kwa dada yangu Riyadh."

Hapo nilijua kwamba kazi, nyumba, Sitti na wale wanawake wa juu, vyote vinaning'inia kwenye jibu moja. Kiarabu changu hakikuwa cha kujadili dini, kilikuwa cha kuomba sabuni na kueleza dawa. Nilitumia hicho hicho.

"Baba Khalid, mimi nawaheshimu. Sala ya Sitti naijua hatua zote. Lakini nikisilimu leo, nitakuwa nimesilimu kwa ajili ya kazi. Mungu atajua kuwa nimesema uongo. Hata wewe utajua. Ukinikuta na birika la mama yako utajiuliza, huyu ni mkweli katika lipi?"

Sitti, ambaye kwa kawaida hasikii neno lisilopigiwa kelele, safari hii yote yalikuwa yamemfika. Akagonga chuma chake sakafuni.

"Umesikia, Khalid? Mimi nimesikia, na ni kiziwi."

Adhana ya alasiri ikasikika, Baba Khalid akainuka kwenda msikitini. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza, ili machozi yawe na sababu. Bi Zuhura akaja kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa ameshapata habari, maana mtaa wetu kuta zake nyembamba. Alichukua kisu kingine, akanisaidia kukata.

Baba Khalid alichelewa kurudi. Aliporudi alikuja moja kwa moja jikoni, akasimama mlangoni, jambo ambalo wanaume wa nyumba ile hawakulifanya.

"Nimezungumza na imamu wetu," alisema. "Ameniuliza kama mnasali ndani ya nyumba au barabarani. Nikamwambia ndani. Akaniuliza kama mama yangu anatunzwa. Nikamwambia anatunzwa kuliko ninavyotunzwa mimi. Akaniambia, basi, Khalid, kinachokusumbua ni dini au ni majirani?"

"Ukamjibu nini, mwanangu?" aliuliza Bi Zuhura, ambaye alimjua tangu utotoni.

Baba Khalid akacheka kidogo kwa haya. "Sikumjibu. Nimekuja nyumbani." Kisha akaniambia, "Endeleeni. Ila madirisha yafungwe, na wawe wanawake tu. Sauti isitoke nje."

Nikamshukuru. Alipoondoka, Bi Zuhura alinitazama kwa jicho la pembeni. "Sauti isitoke nje. Na yule rafikiyo wa Bungoma tutamfunga kitu gani?"

Swali hilo lilijibiwa Ijumaa ya Krismasi. Tulikuwa tumejiandaa wiki kadhaa. Bi Zuhura alipika pilau na kukataa kusaidiwa, Sitti alivaa gauni lake la sikukuu na kuagiza apandishwe juu, tukampandisha mimi na Nekesa, ngazi kwa ngazi, mkanda kiunoni. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango, tasbihi yake mkononi, na Bi Zuhura kando yake. "Sisi wageni tu," alituambia. "Endeleeni na yenu." Baba Khalid alikuwa amekuja kumwona mama yake, akabaki sebuleni chini na gazeti.

Tulianza vizuri, chini chini, madirisha yamefungwa. Lakini chumba kilikuwa na joto la watu na la pilau, mtu akafungua dirisha kidogo apate hewa, na wimbo ukapanda. Ulipofika pale unapopaa, Nekesa alifumba macho. Nililiona jambo linakuja. Sauti ile niliyoisikia mara ya kwanza Batha ilitoka yote, na sisi wengine, badala ya kumzuia, tukamfuata. Sitti akainua kidevu. Kwa mara ya kwanza alitusikia bila kuweka mkono sikioni, akaanza kupiga tasbihi yake gotini kwa mapigo yetu. Bi Zuhura hakuweza kuvumilia, akapiga kigelegele cha Kiunguja, na Sitti naye akajibu kwa kile cha akina mama wa Hijazi, kirefu, cha harusini.

Kengele ya mlango ikalia.

Tulinyamaza kama redio iliyozimwa. Nilitazama kupitia dirishani. Pale chini palikuwa na gari la polisi na askari kijana amesimama mlangoni. Nekesa alikaa chini, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nimewaua," alisema. "Aki nimewaua nyote." Mmoja wetu alianza kuvua mkufu wake wenye msalaba. Mimi nilishuka ngazi, maana Sitti ni wangu na mlango ni kazi yangu, lakini nilipofika katikati nilimwona Baba Khalid ameshafungua. Alikuwa amesimama kizingitini, mwili wake umeujaza mlango wote.

"Assalaamu alaikum," alisema askari. "Juu kuna nini?"

Nilishika ukuta. Baba Khalid angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni mambo ya watumishi.

"Juu kuna mama yangu na wageni wake," alisema. "Ni Wakristo, leo ni sikukuu yao, na wanasali ndani ya nyumba yangu kwa idhini yangu. Kama kuna neno, nieleze mimi."

Askari akaonekana kuchanganyikiwa. Akakuna shingo. "Bosi, mafi mushkila, hakuna shida. Sikuuliza dini yao. Jirani wa nyuma anafanya kazi usiku, ni mwoka mikate, mchana ndio usingizi wake. Amepiga simu anasema kuna mtu ana sauti kubwa sana, hajui kama ni harusi au ugomvi. Wapunguze tu, Mungu awabariki."

Baba Khalid akageuka, akaniona ngazini. Alijaribu kubaki na uso wa mwenye nyumba, akashindwa. Alicheka hadi ghutra ikamwendea upande, mirzamu na yote, na askari naye akacheka bila kujua hasa anachekea nini. Nilipanda juu kuwaambia, na kicheko kilichofuata kilikuwa na kelele kuliko wimbo. Nekesa alicheka na kulia kwa pamoja. Sitti alidai aelezwe tena tangu mwanzo, kwa sauti, na alipoelewa alisema, "Mpelekeeni mtu wa watu pilau. Mmemtoa usingizini, asibaki na njaa."

Bi Zuhura alimpelekea sinia zima. Yule mwoka mikate, Myemeni mwenye mvi, alirudisha sinia likiwa na tamis, ile mikate yao mipana, bado ina moto. Kuanzia hapo tukawa tunaimba jioni, anapokuwa ameamka, na kila alipopata nafasi alituletea mkate. Aliwahi kumwambia Bi Zuhura kwamba siku asiposikia sauti kubwa ile anadhani kuna mgonjwa.

Tulisali katika chumba kile hadi Sitti alipofariki, miaka kadhaa baadaye, mchana, baada ya sala ya adhuhuri, kichwa chake mkononi mwangu. Msibani Baba Khalid aliwaagiza dada zake waniketishe katikati yao, nipokee mkono wa pole pamoja nao. Madam wangu wa Riyadh alikuwa upande wangu wa kulia. Mgeni mmoja alipouliza huyu ni nani, Madam alijibu, "Ni Kristina wetu." Wale wenzangu wa Ijumaa waliwamiminia gahwa wageni, na Nekesa, kwa heshima ya siku ile, aliongea kwa sauti ndogo kuanzia asubuhi hadi jioni. Sijui aliiweza vipi.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Wundanyi, na nimewasimulia mambo ya kufurahisha kwa sababu ndiyo yaliyonipata. Lakini msije mkatoka hapa mkidhani kila mtu alimpata Sitti. Yule wa rozari hakumpata. Wapo waliosali chooni, bomba likifunguliwa ili maji yafunike maneno. Mimi nilipewa ruhusa na mwanamke mwema, na ruhusa ni kitu kizuri, ila ilikuwa mikononi mwake, na angeweza kuniamulia vingine. Nimekuwa nikiliwazia sana jambo hilo tangu nirudi huku, ambako walio wengi ni sisi, na milima yote imejaa makanisa.

Mwaka huu ameletwa muuguzi mpya katika hospitali ya hapa, binti wa Pate, Mwanaisha. Alizunguka mji mzima akitafuta chumba. Mwenye nyumba mmoja alimwambia chumba kimeshapata mtu, na wiki iliyofuata bado kilikuwa kitupu. Mwingine alimwambia wazi kwamba hataki mambo ya kuamka alfajiri na kumwaga maji. Nilimchukua nyumbani kwangu. Mzee mmoja wa kanisa letu alinijia, akanywa chai yangu, akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri miaka mingi, nikamwongeza chai.

Jioni ya kwanza Mwanaisha alikula kidogo, akawa anatazama saa, anatazama mlango. Mwishowe akasema, macho chini, "Mama, samahani. Ni ruhusa nikisali hapa sebuleni? Chumbani bado kuna mizigo. Nitafanya upesi, sitasema kwa sauti."

"Ruhusa usiniombe, mwanangu," nilimwambia. "Hiyo ni haki yako, si ya kuombwa kwa mtu. Wala usifanye upesi."

Nikainuka, magoti yakilia, nikasogeza meza. Alikuwa amekwishatandika mswala wake kuelekea dirishani, kwa kubahatisha.

"Siyo huko," nikamwambia. "Kutoka hapa kwetu Makka iko kaskazini. Geukia jikoni."